Mfuko Chini ya Koti

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza kwa sababu baba alihitaji mtu wa kuchunga. Lakini shamba la vitunguu swaumu nililo nalo hapa kijijini Daudi nimelinunua kwa jasho langu, nyumba nimejenga mwenyewe, na pikapu iliyoko nje hakunipa mtu. Kwa hiyo sioni kwa nini kalamu inishinde. Nawaandikia wazee wenzangu, hasa wale wanaosimama nyuma ya nyumba muda mrefu wakisubiri mkojo utoke, kisha wanarudi ndani wakisema ni baridi tu. Si baridi. Kaeni msome.

Kwangu ilianza polepole. Mkojo ulikuwa unakuja kwa kukatika, unaacha, unaanza tena, kama bomba la kijiji. Nikimaliza nahisi bado umebaki. Kanisani nilianza kuchagua kiti cha karibu na mlango. Safari za kupeleka vitunguu Arusha nikamwachia mwanangu Yosefu, nikamwambia amekua, ajifunze biashara. Alifurahi. Hakujua kwamba baba yake hawezi tena kukaa kwenye gari kutoka hapa mpaka Karatu bila kuomba lisimame.

Ulipofika msimu wa baridi, ule wa ukungu unaogoma kuondoka asubuhi, nikashikwa na mafua makali. Nikasema basi, nitakwenda Mbulu mjini kwenye duka la dawa, niseme mafua, na niseme na lile jingine.

Duka lenyewe ni la matawi. Tawi moja liko Mbulu, jingine Dongobesh, jingine Katesh, yote yamepakwa rangi moja ya kijani na ndani yamepangwa namna moja: kaunta ya kioo, benchi refu ukutani, na chumba kidogo chenye pazia cha kupimia presha. Ukiingia moja ni kama umeingia yote. Watu wetu wengi huanzia hapo kabla ya hospitali. Unasimama kwenye kaunta, bega lako linagusa la jirani, na ugonjwa wako unausema mbele ya kila aliyeko nyuma yako. Kwa mwenye kikohozi si shida.

Niliingia nikamkuta kwenye benchi Mama Restituta, anasubiri dawa zake za presha. Restituta ni mke wa Yosefu, tunaishi nao boma moja. Huyu ni mama yake mzazi, mkwe wetu, mjane. Sasa kwa jinsi nilivyolelewa mimi, mkwe wa namna hiyo ni mtu wa kuvaliwa koti. Hata jua liwake vipi, ukimwona unafunga vifungo. Mbele yake huleti utani, na mambo ya chini ya mshipi hayatajwi akiwa anasikia. Na juu ya hayo, binti anayeuza pale, Pendo, ni mtoto wa mdogo wake. Ukimwambia Pendo, umewaambia ukoo mzima.

"Shikamoo baba," akasema Pendo.

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaumwa nini leo?"

"Mafua."

"Mafua tu?"

Nikamtupia jicho Mama Restituta. Alikuwa anatazama viatu vyake, kwa heshima, kama inavyotakiwa.

"Na mgongo," nikasema.

"Mgongo umeanza lini, baba?"

"Mtu aliyelima tangu mtoto unamuuliza mgongo umeanza lini? Uliza utaisha lini."

Benchi zima likacheka. Pendo hakucheka. Akaniuliza kama nina presha, kama nina sukari, kama mkojo unatoka vizuri. Kazi yake aliifanya, simlaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyejibu: "Mwanangu, mimi ni mzima. Nipe dawa niwahi gari."

Akanipa vidonge vya mafua na dawa ya kuchua.

Vile vidonge vilikausha pua kweli. Vikafunga na kwingine. Daktari alinieleza baadaye kwamba baadhi ya dawa za mafua zinambana mwanaume mwenye tatizo kama langu, na ndiyo maana muuzaji anauliza. Mimi nilidhani anauliza kwa umbea.

Jumapili asubuhi niliamka nikiwa siwezi kutoa hata tone. Nikavaa koti nikaenda ibadani, maana mimi ni mzee wa kigango na zamu ya sadaka ilikuwa yangu. Kabla ya mahubiri nikatoka. Nikasimama nyuma ya ukuta, jasho linanitoka na baridi ile, na tumbo la chini limekuwa gumu kama ngoma. Mke wangu Veronika alinikuta nimekumbatia ukuta.

"Baba Yosefu, una nini?"

"Mgongo."

"Mgongo umehamia tumboni?"

Yosefu alikuwa Arusha na mzigo. Jirani mmoja akatuendesha mpaka hospitali, nami nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kiti cha dereva kwa sababu kukaa sikuweza. Kila shimo la barabara nililihesabu kama dhambi zangu. Pale mapokezi watu walikaa, mimi nilisimama nimeinama juu ya meza ya watu wa usajili, na dada aliyekuwa pale hakunifukuza. Alinipepea kwa faili. Jambo dogo, lakini mpaka leo namwombea.

Wakanipitishia mpira. Sitaeleza sana unapita wapi, mnajua. Unauma, lakini kwa muda mfupi, halafu maji yakaanza kushuka kwenye mfuko, yanashuka tu, na mimi nikalia mbele ya kijana wa umri wa mwanangu. Si maumivu. Ni kama mtu amekutua mzigo uliokuwa kichwani kwako mpaka umesahau kwamba ni mzigo.

Daktari akasema ni tezi dume. Akasema hivi, nami nilimsikia vizuri: mpira ni wa kushikilia tu. Figo zimeshaanza kuchoka. Dawa ya kweli ni upasuaji, na nisikae muda mrefu, kwa sababu mpira ukiziba na kuziba, figo zitakufa na mimi nitazifuata. Lakini kabla ya upasuaji nilete ndugu wachangie damu.

"Ndugu gani?" nikauliza.

"Watoto wako, mzee. Wakwe. Yeyote."

Hapo ndipo nilipokwama. Kuchangia damu, watu wataulizana ni ya nini. Watoto watajua, Restituta atajua, mama yake atajua kwamba mzee wa watu ana mpira na mfuko wa mkojo. Na kulikuwa na jingine nililolisikia kwenye minada ya ng'ombe, kwamba ukipasuliwa hapo si mwanaume tena. Nikamwambia daktari nitafikiria. Nikamwambia Veronika, "Nyumbani ni mgongo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

Tukarudi na uongo wetu. Veronika ndiye aliyeubeba zaidi. Restituta akileta uji anauliza, "Mama, baba mgongo unaendeleaje?" naye anajibu, "Unaendelea." Siku moja nilimsikia jikoni anajisemea kwamba uzeeni ndiko alikofundishwa kusema uongo. Mambo yangu ya usafi alifanya yeye. Alikuwa anaosha, anakausha, anakunja. Mimi nilikuwa mkali siku zile. Mwanaume akishindwa kukojoa mwenyewe anatafuta wa kumfokea, na wa karibu ndiye anayepata.

Mfuko unabadilishwa, mpira nao unabadilishwa kila baada ya muda. Zahanati ya kwetu kuna muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye kifua cha kutunza siri. Alikubali kunibadilishia, ila vifaa ninunue mwenyewe. Mbulu kwa Pendo sikukanyaga. Nikapanda gari la asubuhi mpaka Dongobesh, nikaunganisha jingine mpaka Katesh, Hanang huko, ambako hakuna anayenijua. Safari ya siku nzima, vumbi mpaka kwenye meno, kwenda kununua kitu kinachouzwa mjini kwetu.

Katesh nikakuta duka lile lile la kijani. Anauza binti wa Kiislamu, Zuhura, mtoto wa watu wa biashara pale, mtandio kichwani na sauti ya mnadani. Mbele yangu kulikuwa na mfugaji mmoja na fimbo yake, anabishana.

"Nipe dawa ile ya nguvu, meza mara moja imekwisha."

"Baba, wewe si ndama. Utameza siku zote nilizokuandikia."

"Ng'ombe wangu anapona kwa sindano moja!"

"Basi mlete ng'ombe, nitamhudumia."

Watu wakaanguka kicheko, na mfugaji mwenyewe akacheka akachukua dawa zake. Zamu yangu ikafika. Nikainama kwenye kioo.

"Natafuta ule mfuko," nikanong'ona.

"Babu, sema nikusikie. Mfuko gani? Kama ni rambo, serikali imepiga marufuku."

Wakacheka tena. Mimi nikabaki nimeinama. Zuhura akanitazama, akaona koti lilivyovimba upande mmoja, na uso wake ukabadilika. Akafungua mlango mdogo wa kaunta, akaniingiza kwenye chumba chenye pazia kama mtu anayekwenda kupimwa presha.

"Fungua koti, babu. Usiogope, mimi baba yangu alikuwa nao."

Nikafungua. Sasa sikilizeni hapa. Mimi ule mfuko nilikuwa nimeufunga juu, karibu na mbavu, kwa mkanda, ndani ya koti. Mguuni ungeonekana kwenye suruali. Nilijiona fundi.

"Yesu wenu!" akasema Zuhura. "Nani alikufundisha hivi?"

"Nimejifundisha mwenyewe."

"Maji yanapanda mlima? Huu unakaa chini, pajani au mguuni, chini ya kibofu siku zote. Ukiuweka juu mkojo unarudi ndani na uchafu wake. Homa hupati?"

Nilikuwa napata. Kila jioni nilikuwa natetemeka, namwambia Veronika ni baridi ya Daudi. Zuhura akaufunga upya pajani, akanionyesha namna ya kuumwaga kwa chini bila kuuchomoa kwenye mpira, akaniambia ninywe maji mengi, na akaniandalia mipira na mifuko ya kutosha. Kuhusu homa akaniambia waziwazi, hiyo haiuzwi dirishani, niende nikapimwe mkojo. Nikaenda zahanati, nikapewa dawa, homa ikaisha.

"Unaitwa nani, babu, nikukumbuke?"

"Marko."

"Wa wapi?"

"Balangdalalu."

Uongo ukishaanza hauna breki. Kuanzia hapo nikawa Babu Marko wa Balangdalalu. Nilikwenda wakati tunavuna vitunguu, nikaenda tena mvua za vuli zilipogusa, nikaenda tunapalilia maharage. Kila nikiingia Zuhura anapaza sauti, "Babu Marko, karibu upime presha!" na kuniingiza kwenye pazia. Nitasema ukweli, nilikuwa nakaa kwenye lile benchi la Katesh muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo mahali pekee, nje ya chumba changu, ambapo kulikuwa na mtu anayejua. Niliwaona watu wengi pale. Mama anakuja na mtoto mgongoni anaomba nusu ya dozi. Kijana anaagiza kitu kwa kuonyesha kidole, hataki kukitaja. Wanaume wa makamo yangu ndio wabaya zaidi. Anaingia, anaangalia mizani, anaangalia kalenda, anauliza bei ya dawa ya meno, anatoka. Nilikuwa nawajua wote. Nilikuwa mmoja wao, na sikumwambia hata mmoja kitu.

Kila mara Zuhura aliniuliza, "Upasuaji lini?" Kila mara nikajibu, "Baada ya mavuno." Mavuno yalikwisha.

Mwili nao ulibadilika. Nilikonda mpaka koti likanizidi. Miguu ilianza kuvimba ninapokaa. Chakula kikawa hakina ladha, mdomoni kama nimelamba chuma. Nililala chali tu, kama maiti, kwa kuogopa kuvuta mpira. Nilijua zile ni figo. Hakuna aliyehitaji kunifafanulia.

Masika yakaja kwa nguvu. Barabara ya Dongobesh kwenda Katesh ikakatika, magari yakalala kwenye tope, na akiba yangu ya mipira ilikuwa imekwisha. Na ndani ya wiki hiyo hiyo mpira ukaziba. Asubuhi mfuko ulikuwa mtupu, na lile tumbo la ngoma likarudi. Veronika akaenda kumwita Yosefu bila kuniuliza.

Yosefu akaingia akaniona nimejikunja. "Baba, huu ni mgongo gani?"

"Washa gari."

Zahanati yule muuguzi alijaribu kuusafisha kwa sindano ya maji ikashindikana. Akanivuta pembeni. "Nauondoa niweke mwingine, lakini sina. Kimbia mjini ukanunue, namba kumi na sita, ule mweupe. Au nenda hospitali moja kwa moja, ni afadhali."

Hospitali nikakataa. Hospitali wangeniuliza habari za damu. Nikamwambia Yosefu anipeleke duka la dawa, na yeye abaki kwenye gari.

Ilikuwa siku ya soko. Duka la Mbulu lilijaa, watu na miamvuli yao, sakafu imelowa. Waliniona uso wangu wakanipisha. Nikashika kaunta kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba! Jamani, una nini?"

"Pendo. Nipe mpira wa mkojo."

Nililisema. Halikuwa zito kama nilivyofikiri, maana maumivu yalikuwa mazito zaidi.

"Namba ngapi, baba?"

Nikatafuta ile namba kichwani. Haipo. Maumivu yameifuta kama maandishi ubaoni. "Sijui. Muulize Zuhura wa tawi la Katesh. Yeye ndiye huniuzia."

Pendo akapiga simu, akaiweka kwenye kaunta kwa sauti ya nje ili mikono yake itafute kwenye makabati. Mimi simlaumu kwa hilo pia.

"Zuhura, kuna mzee hapa, Mzee Amsi wa Daudi, anatumia mpira wa mkojo, anasema unamhudumia wewe. Namba ngapi?"

"Amsi?" Sauti ya mnadani ikajaza duka lote. "Amsi wa Daudi simjui. Mzee wa mpira ninaye mmoja tu, Babu Marko wa Balangdalalu."

Pendo akaniangalia. Duka zima likaniangalia. Katekista wetu alikuwepo. Mwanamke anayenunua vitunguu vyangu kila mwaka alikuwepo.

"Ni mimi," nikasema. "Marko ni mimi."

"Babu Marko! Ni wewe? Wee, Pendo, kumi na sita, ule mweupe! Mpe haraka! Na mwangalie mfuko wake uko wapi, yule anauvaa kifuani kama kalamu!"

Ningekuwa mzima ningetafuta shimo. Lakini hakuna aliyecheka. Nilisubiri kicheko, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeshaandaa na tusi la kukijibu, na hakikuja. Mama mmoja akamwinua mwanawe kwenye benchi ili nikae. Katekista akavua kofia, akatoka kwenye mvua kumwita Yosefu. Pendo akafunga vifaa, akasema polepole, "Baba, mimi nilikuuliza." Nikamwambia, "Uliniuliza, mwanangu."

Yosefu hakunirudisha zahanati. Aligeuza gari kuelekea hospitali nami sikuwa na nguvu ya kumzuia. Wakabadilisha mpira, nikatulia. Njiani kurudi akauliza akiwa anatazama barabara, "Baba, kwani mimi ni nani wako?" Kuna maswali mtu anayastahili tu.

Nilijua habari itafika kwa Mama Restituta kabla ya jua kuzama, na ilifika. Kesho yake alikuja mwenyewe, kwa mguu, na tope lile, amebeba maziwa. Nikavaa koti. Akakaa mlangoni, mimi nikakaa kwenye kiti changu, na Veronika katikati. Kwa desturi yetu hasemi na mimi moja kwa moja. Maneno yanapita kwa mke wangu, hata kama tuko chumba kimoja.

"Mama Yosefu," akasema, akitazama ukuta, "mwambie mzee nimesikia anaumwa."

"Mzee, mkwe amesikia unaumwa," akasema Veronika.

"Mwambie ni mgongo," nikasema. Mazoea ni kitu kibaya.

Mama Restituta akaweka maziwa chini. Kisha akasema, "Mama Yosefu, mwambie mzee kwamba baba yake Restituta naye alisema ni mgongo."

Veronika hakurudia. Hakukuwa na haja.

"Mwambie alikuwa anajifungia, hata mimi mkewe hakutaka nione. Alivimba miguu. Alikataa chakula, akasema kina ladha ya chuma. Siku alipokubali tumpeleke, daktari alinitoa nje akaniuliza, mama, mlikuwa wapi? Mwambie mzee kwamba watu wote wanajua nilimzika mume kwa ajili ya mgongo. Sijamwambia mtu mpaka leo. Nilimtunzia heshima yake, na heshima yake imenilaza peke yangu miaka yote hii."

Alisema hayo bila kulia, macho ukutani. Nilimjua marehemu. Tulinunua ng'ombe pamoja. Nilibeba jeneza lake, nikasimama kaburini nikasema maneno mazuri juu ya mtu aliyevunjika mgongo kwa kazi.

"Mama Yosefu, mwambie tena," akasema akiwa ameshasimama, "Restituta ana damu nzuri. Na Pendo pia. Wanasubiri waambiwe siku."

Nikamwambia Veronika, "Mwambie mkwe kwamba nimesikia."

Siku ya kuchangia walikwenda na pikapu imejaa nyuma. Yosefu, Restituta, Pendo aliyeomba ruhusa kazini, katekista ambaye walimkataa kwa sababu ya umri akanuna. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje hospitalini nikawaona wanatoka mmoja mmoja, wamekunja mikono, wanakunywa soda. Restituta akanipigia goti akasema, "Baba, haikuuma." Binti niliyemficha uji wake ukiwa mkononi mwangu.

Zuhura alipiga simu. "Babu Marko, au nikuite nani?"

"Niite unavyotaka."

"Basi Marko. Ukitoka salama utabatizwa tena."

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilichomwa sindano mgongoni, miguu ikatoweka, nikaimba nyimbo za kanisa kimoyomoyo. Niliongezewa damu. Ya nani, sijui, wala siulizi. Siku zilizofuata maji yanaingia kwa mpira na kutoka kwa mpira, mekundu. Kitanda cha jirani alilala mfugaji wa Yaeda Chini aliyevunjika mguu, ndiye aliyekuwa mtabiri wangu. Kila asubuhi anainua kichwa kutazama mfuko wangu: "Mzee, jana ilikuwa rozela. Leo imekuwa chai ya rangi. Kesho maji ya kisima." Nyama waliyoitoa waliipeleka kupimwa, na baadaye majibu yakaja mazuri. Na kuhusu yale ya kwenye minada ya ng'ombe, muulizeni daktari wenu, si wachuuzi. Mimi nimeuliza, nimejibiwa, na nimeridhika.

Mpira ulitolewa asubuhi moja, mvua za mwisho zikiwa zinapiga bati. Muuguzi akasema ninywe maji, nisubiri. Nikikojoa mwenyewe, narudi nyumbani. Nikishindwa, unarudishwa. Nikanywa. Nikatembea koridoni na koti langu. Nikaenda chooni nikasimama, hakuna. Nikarudi, nikanywa. Nikaenda tena, hakuna. Mfugaji wa Yaeda Chini akaacha kunitania, na hapo nikaogopa. Veronika alikuwa amekaa kitandani na rozari, simu yake inaita, haipokei.

Mara ya tatu niliegemeza paji la uso kwenye ukuta wa choo. Sikuomba. Nilikuwa nimechoka hata kuomba. Nikamfikiria mwenzangu aliyejifungia, bila mtu wa kumwambia. Na hapo ikaanza. Kwanza moto, halafu uzi, halafu ule mkondo wenyewe, mrefu, wa kijana, unapiga kwenye tundu la choo kwa kelele, na mimi ukutani nacheka kama mwendawazimu.

Nilipotoka Veronika alikuwa amepokea simu. Akaniangalia uso, akajua, machozi yakamtoka. "Ni Mama Restituta," akasema. "Anasema nimwulizie mzee, imekuwaje."

"Lete simu."

"Baba Yosefu, ni mkwe wako."

"Najua ni nani. Lete."

Nikaiweka sikioni. Upande wa pili alikuwa bado anasema, "Mama Yosefu? Mama Yosefu?"

"Mkwe," nikasema. "Ni mimi."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Nimekojoa," nikasema.

Veronika akaziba uso kwa khanga.

"Mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe, mkwe. Sasa hivi."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Nikamsikia analia, kwa sauti ile ya msibani, ambayo mtu hailii kwa ajili ya aliye hai. Nilimsubiri.

"Basi kojoa, mkwe wangu," akasema alipoweza. "Kojoa tu."